Walii na Papa wa Kitaliano

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Nimefika Guangzhou. Likizo yangu ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kuandika safu ya "Msumari" kila wiki bila kukosa, hata wiki niliyong'olewa jino. Uwanja wa ndege wa Baiyun ni mkubwa mno. Watu hawajengi ukubwa ule bila kuficha kitu.

Mdogo wangu Hasna alinipokea. Amenenepa kidogo, amependeza, anacheka peke yake. Nikashuku papo hapo. Hasna ni mjane mwaka wa sita sasa. Ananunua viatu vya jumla mtaa wa Zhanxi na kuvisafirisha Unguja. Mjane mwenye kazi kama hiyo hana sababu ya kucheka peke yake ndani ya treni ya chini ya ardhi.

Sababu ilitoka kituo cha tatu. Ameposwa! Mposaji anaitwa Yasir, asili yake Barawa, amekulia Italia, ana mkahawa wa chakula cha Kitaliano hapa mjini. Mama yake mzee amekuja kumtembelea na anaondoka Jumamosi ijayo. Wanataka ndoa ifungwe Ijumaa, mama akiwapo. Baba yetu hayupo duniani. Walii wa Hasna ni mimi. Bila neno langu, hakuna ndoa.

Kumbe! Tiketi ya zawadi! "Kaka umechoka, njoo upumzike." Nimesafirishwa bahari nzima kama mhuri.

Nilimwambia Hasna kwamba nitampeleleza huyo mtu kwanza, na nitaanzia kwenye chungu chake. Mwanamume anaweza kudanganya kwa ulimi na kwa ndevu, lakini mchuzi wake humwumbua. Hasna alinikumbusha kwamba mposaji wa kwanza nilimkataa kwa sababu ya masharubu, na wa pili kwa sababu alimsifu Murshid, hasimu wangu wa miaka yote. Nikasema sababu zote mbili bado zina nguvu. Akageuka kutazama dirishani, ingawa chini ya ardhi hakuna cha kutazama.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeingia mkahawani kwa siri. Kofia, miwani ya jua, gazeti la Kichina mkononi. Mtalii wa kawaida.

Mahali penyewe ni padogo, meza sita. Mlangoni kuna kibao cha "Halali" kwa Kiarabu na Kichina, kikubwa kama mlango wenyewe. Nimeandika pembeni: mwenye haki haandiki kwa herufi kubwa.

Orodha ya vyakula iko kwa Kitaliano na Kichina. Lugha mbili nisizozijua. Ujanja wa kwanza huo. Lakini mimi nimesoma vitabu, sitishwi na herufi. Nikashuka na kidole mstari kwa mstari, na mstari wa nne moyo ukaruka. "Pappa al pomodoro."

Papa!

Sijala papa wa maana tangu mama yetu afariki. Nikasoma tena. Papa, kisha "al", kama wasemavyo Waarabu. Nikaelewa historia yote kwa mpigo. Wataliano walijifunza kula papa kwa mabaharia wa Kiislamu, wakaficha ukweli, lakini "al" wakaisahau mlangoni. Pomodoro bila shaka ni bandari wanakovuliwa hao papa. Nikaagiza kwa kidole.

Kikaja kitu chekundu, kizito, kimelala ndani ya bakuli. Nikazamisha kijiko. Nikatafuta. Nikatafuta mpaka chini. Hakuna pezi. Hakuna gegedu. Hata harufu ya papa aliyepita karibu, hakuna. Mkate! Mkate mkavu wa juzi umeloweshwa kwa nyanya!

Nikasimama nikauliza, kwa sauti ya haki, papa yuko wapi. Mhudumu wa Kichina akasema "meiyou", neno lao la "hakuna", ambalo nimelijua kabla ya kujua la asante. Nikasema ninaona mwenyewe kwamba hakuna, ninauliza amekwenda wapi. Hapo meza ya kona akacheka mwanamke mmoja mpaka akashika mbavu. Njambi, mfanyabiashara wa Nairobi, jirani wa Hasna ghorofa ya juu. Akasema, uncle, hiyo miwani si ni ya Hasna, ile ya maua?

Ilikuwa ya Hasna. Ina maua.

Kelele zikamtoa Yasir jikoni. Mrefu, kipara, unga hadi viwikoni. Hakushangaa kuniona. Akasema: "Karibu, shemeji. Chakuja iko tayari."

Shemeji! Nani kamruhusu? Na la pili ndilo baya zaidi. Cha kuja kiko tayari! Mgeni wa dakika tano natishiwa mbele ya watu! Nikamwambia kwamba nami pia niko tayari kwa chochote kitakachokuja. Akafurahi sana, akaniletea sahani ya pili.

Hasna amenieleza nyumbani kwamba kwa Kiswahili cha Barawa "kuja" ndiko kula, na "chakuja" ndicho chakula. Haya. Ndivyo anavyosema yeye. Mtu anayeweza kuita chakula kitisho anaweza pia kuita nguruwe mbuzi.

Ule mkate niliumaliza. Kwa ajili ya ushahidi. Sahani ya pili niliimaliza kwa ajili ya kulinganisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Usiku wote swali moja: nyama. Wataliano na nguruwe wanajulikana. Kibao hakitoshi. Ushahidi wa kweli hulala kwenye jalala.

Asubuhi Hasna alikwenda Zhanxi kuchagua viatu, nikamfuata. Mtaa wa kishenzi! Mikokoteni inapita juu ya vidole, marobota yanatembea yenyewe, unagundua baadaye kwamba chini yake kuna mtu. Nikaona duka la nguo za kazi, na vizibao vya rangi ya chungwa vya wafagia barabara. Mpango ukanijia mzima mzima. Nani hushuku mfagiaji?

Nikamwomba laoban, yaani mwenye duka, kizibao kimoja. Akasema meiyou. Nikamwonyesha kimoja kinachoning'inia. Akaonyesha dazeni. Huku ni jumla, kimoja hakiuzwi. Nikamweleza kwa Kiswahili msimamo wangu kuhusu unyonyaji wa mnunuzi mdogo. Alinisikiliza vizuri sana.

Sasa nina vizibao kumi na viwili.

Mchana nikaingia kichochoro cha nyuma ya mkahawa, nimevaa kimoja. Sijafika hata kwenye pipa, akatokea mama mmoja mwenye filimbi na kizibao kama changu. Akanitazama. Akatazama kizibao. Akanipa fagio.

Nilifagia saa nzima. Kila nikisimama, filimbi. Nasema kwa haki kwamba kichochoro kile sasa ni kisafi kuliko ofisi ya mhariri wangu. Lakini nilipata nilichokitaka: mfupa mmoja, kutoka kwenye takataka za Yasir, umo mfukoni.

Nilipokuwa namalizia, mlango wa nyuma ukafunguka. Yasir, na gilasi ya maji ya ndimu. Akasema shemeji pole na kazi. Akauliza kama nimehamia moja kwa moja au ni kibarua cha likizo.

Niliyanywa maji. Yalikuwa na sukari kidogo mno. Nimeandika pembeni: bahili.

Mfupa niliupeleka kwa Murshid, kwa shingo upande. Murshid ni Mzanzibari mwenzangu, tumesoma chuoni pamoja. Mimi nikaenda kwenye kalamu, yeye akasoma fiqhi miaka minne, na siku hizi ni wakala wa mizigo hapa. Kila nikitoa makala, yeye hutuma barua kwa mhariri kunisahihisha. Miaka kumi na moja! Lakini mifupa anaijua, babake alikuwa mchinjaji. Aliunusa, akaugeuza, akasema mbuzi. Mbuzi mzee, amepikwa polepole, mpaka nyama ikaachia mfupa kwa hiari yake. Mpishi huyu ana subira, alisema, mwoze dada yako. Nikamwuliza utaalamu wote huo wa mifupa kaupata wapi. Akasema kwa kusoma makala zangu, maana hazina nyama.

Sitajibu. Nitajibu kwenye safu.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimebadilisha silaha. Nguruwe wapumzike. Nimemshambulia kwa historia.

Nimekwenda mkahawani saa saba, watu wamejaa, na waraka wenye hoja saba. Nimeusoma kwa sauti. Hoja kuu: kile kitu cha manjano kiitwacho polenta, kilichomwagwa juu ya ubao kwa mbwembwe na watu wakakipigia picha, ni ugali. Ugali wetu! Wameuvika suti, wameupa jina la mwanamke, wakauingiza mjini. Nikadai uitwe kwa jina lake mbele ya umma.

Nilitarajia vita. Niliishi kwa ajili ya vita ile tangu alfajiri. Yasir akafuta mikono, akasema shemeji umesema kweli tupu, hata mama yake nyumbani anauita soo na kuula kwa mchuzi wa samaki. Akachukua chaki. Akafuta "polenta" kwenye ubao wa ukutani. Akaandika UGALI. Akaniuliza kama herufi ni sawa.

Hakuna adui mbaya kama anayekubaliana nawe. Huna pa kumshika.

Hoja sita zilizobaki nilizisoma haraka. Halafu Murshid, ambaye sasa inaonekana hula pale kila siku, akasimama kusahihisha hoja ya tatu: mahindi yenyewe hayakuwa yetu wala yao, sote tuliletewa. Watu wakampigia makofi. Murshid! Makofi! Kwa mahindi!

Njambi akaagiza ugali wa pili na sukuma. Wakampa mboga fulani nyeusi ya Kitaliano. Akasema hii ni sukuma imesoma ng'ambo.

Nilikula kidogo. Mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Yasir amenialika jikoni mwenyewe. Nimeandika pembeni: mwenye hatia hualika.

Nikaingia, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mezani kilima cha unga na mayai, tambi za siku nzima, akizikanda kwa mkono kama alivyofundishwa na kibibi mmoja jirani yao kule Italia. Kibibi hicho, alisema, kilikuwa kinampiga vidole kwa mwiko akiharakisha. Nikaanza kumhurumia, nikajizuia. Ndipo nikaiona. Rafu ya juu, nyuma ya chumvi. Chupa! Nyeusi, ndefu, na ndani kitu chekundu.

Mvinyo! Nimempata!

Sikuwaita mashahidi, nilihofia angeimwaga. Niliirukia, nikang'oa kizibo, na kwa kuwa siwezi kuonja haramu, nikanusa. Nilinusa kwa nguvu zangu zote, kwa niaba ya ukoo mzima.

Siki. Siki kali ya zabibu, ambayo huitumia mahali pa mvinyo katika vyakula vinavyodai mvinyo. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule sikuwa naona. Nilipiga chafya ambayo sijawahi kupiga maishani, na niliipigia ndani ya kilima cha unga.

Jikoni pakawa peupe. Yasir mweupe. Mhudumu mweupe. Mama yake Yasir, ambaye alikuwa kimya kwenye kigoda akichambua dengu, mweupe, na anacheka bila meno. Tambi za siku nzima zimeharibika na wateja wanaingia.

Yasir hakunigombeza. Aliosha meza, akamwaga unga mpya, akanipa nusu. Akasema shemeji mikono minne itawahi. Nikakanda. Nikasukuma. Nikakata nyuzi, zangu nene kama kamba za meli. Mama yake akanigonga vidole kwa mwiko nilipoharakisha. Nadhani walipanga.

Tulizungumza kidogo. Nilimhoji. Aliniambia kwamba kule Italia walimwita Mwafrika, Afrika wakamwita Mtaliano, na huku wanamwita laoban, na kwamba mtu wa kwanza kumwita kwa jina lake na kumwuliza kama amekula ni Hasna. Swali lile, alisema, mpishi haulizwi na mtu.

Ni maneno matamu mno. Nimeyaandika ili niyachunguze.

Nyumbani pua imevimba. Hasna amenichemshia tangawizi nijifukize. Nikiwa chini ya shuka na mvuke, ambapo mtu hawezi kujibu vizuri, akasema yake. Alisema hakasiriki. Alisema miaka sita anapika kikombe kimoja cha mchele, na siku hizi akirudi kutoka Zhanxi hapiki tena, anakula biskuti akiwa amesimama, kwa kuwa kutandika meza kwa mtu mmoja kunamwonea. Alisema kesho kutwa ni Ijumaa. Nikisema hapana atanyamaza kama alivyonyamaza mara mbili, lakini wa nne hakuna. Hataniletea mtu tena.

Nilikohoa. Nikamwambia mvuke umepungua.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya shari. Nitaandika kwa utaratibu.

Yasir alitualika chakula cha mchana, mkahawa umefungwa kwa wageni wengine. Mimi, Hasna, mama yake, Njambi, Murshid (kwa nini? kila mahali Murshid!), na Maulid, Mpemba mmoja mpole mwenye kununua vitambaa, anayekula pale kila siku na hasemi kitu.

Yasir akaleta sufuria kubwa mezani. Akafunua. Akasema hii kachuko.

Nikauliza: kachukua? Kachukua nini? Dada yangu, au bado?

Meza ikaangua kicheko. Kumbe ndilo jina la chakula, mchuzi wa wavuvi wa mji aliokulia. Pweza, ngisi, kamba, nyanya, juu ya mkate uliosuguliwa kitunguu saumu. Na katikati, vipande vinene vyeupe, vyenye gegedu.

Papa.

Papa mdogo, wa kweli. Kule kwao huingia kwenye mchuzi huu tangu zamani. Alizunguka soko la samaki tangu alfajiri kumtafuta, kwa sababu Jumapili aliniona nikimtafuta bakulini kwa kijiko.

Nilionja. Sitaki kuandika mengi. Ni mchuzi mwingine kabisa, bila nazi, bila bizari. Lakini papa ni papa. Nilimwona mama yetu mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akinikataza kudokoa. Macho yakanitoka maji. Nikasema pilipili. Murshid akasema humu hamna pilipili.

Basi wakanitazama. Wote. Hasna hakula, alishika uma tu. Akasema kwa upole: Kaka, neno moja. Mama yake Yasir akasema jambo kwa Kibarawa, sikulielewa lakini lilikuwa na adabu. Njambi, simu mkononi akirekodi tangu sufuria ifunuliwe, akasema uncle wacha kutubeba ufala, si useme tu. Na Murshid, mdomo umejaa pweza wa bure, akanifundisha kwamba walii anayezuia bila sababu ya kisheria haki yake huhamia kwa kadhi. Mimi! Nifundishwe!

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa mdomoni kabisa, karibu na papa. Lakini kusema ndiyo mbele ya Murshid, baada ya Murshid kuniambia niseme ndiyo? Miaka kumi na moja ya heshima!

Nikaamua kuwamaliza kwa kejeli. Kejeli yangu inajulikana Unguja nzima. Mawaziri wamehamishwa kwa kejeli yangu. Nikasimama, nikainua mkono, nikasema kwa dharau kubwa kabisa:

"Ala! Na kwa nini tungoje Ijumaa? Haya! Wewe Yasir, nimekuoza dada yangu Hasna binti Salum, kwa mahari ya sahani moja ya tambi! Mmefurahi sasa?"

Yasir hakuvuta hata pumzi. "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo."

Nikacheka. Ha! Nikangoja wacheke. Hakucheka mtu. Murshid aliweka kijiko chini taratibu sana, kama mtu aliyeona lulu ndani ya chaza na hataki imponyoke. Akamgeukia Maulid akamwuliza kama amesikia. Maulid akasema amesikia. Sauti yake ya kwanza wiki nzima! Akamwuliza Hasna kama ameridhia mume na mahari. Hasna akasema mume ameridhia tangu Rajabu, na mahari ameridhia, ila sahani iwe ile kubwa.

Kisha Murshid akanigeukia mimi. Akanisomea, kwa Kiarabu na kisha kwa Kiswahili ili nisikose, kwamba mambo matatu kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: ndoa, talaka, na kumrejea mke. Walii amesema. Mume amekubali. Mke radhi. Mashahidi wawili, yeye na Maulid, wanaume Waislamu wenye akili timamu. Mabruk, Sheikh Zubeir, alisema. Makala yako ya kwanza ambayo sina la kusahihisha.

Mama yake Yasir akapiga vigelegele. Mtu wa miaka sabini na minne, vigelegele vile alivitoa wapi!

Nilikaa. Papa alikuwa bado hajapoa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetafuta tundu tangu asubuhi.

Tundu la kwanza: nilikuwa natania. Murshid: hadithi inamhusu hasa mtaniaji. La pili: mimi ni mwandishi wa kejeli kwa kazi, kila mtu anajua maneno yangu yana maana kinyume. Murshid: basi kila makala uliyoandika tuisome kinyume, nami miaka yote nilikuwa nakubaliana nawe. La tatu, la nguvu: shahidi Maulid alikuwa anatafuna. Murshid: mtu husikia kwa masikio. La nne: video huenda imehaririwa. Njambi akaileta. Niko wazi kabisa, mkono juu, mdomoni mchuzi. Binti Salum nimeitamka vizuri kuliko mtangazaji.

Baada ya sala ya Ijumaa tulimwendea imamu wa msikiti mkongwe. Aliitazama video mara mbili. Mara ya pili aliitazama kwa raha yake. Kisha akainua mikono, akasoma dua ndefu, na sote tukaitikia amin. Mimi pia. Sikuweza kukaa kimya kwenye dua, ingeonekana nina jambo.

Jioni, karamu ya walima. Mkahawa mzima ulipambwa. Watu wa Zhanxi, wa Dar, wa Mombasa, laoban wa vizibao pia alikuja, sijui alialikwa na nani. Watu kumi na mmoja waliosaidia kuandaa walivaa vizibao vya chungwa. Hasna alivigawa bila kuniuliza.

Mahari yakaletwa. Sahani kubwa ya tambi, zile zangu, nene kama kamba za meli, Yasir alizihifadhi. Hasna akakaa, akatandikiwa kitambaa cheupe, akala. Alikula polepole, mpaka mwisho, hakuacha uzi. Mumewe alikaa mbele yake anamtazama, anamwongezea maji.

Sina maoni juu ya hilo.

Jumapili, 16 Novemba

Baiyun tena, nangoja ndege. Nimepata utulivu wa kutafakari, na sasa naona mambo yalivyokuwa.

Ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Mwanamume asiye imara angetetereka kwa filimbi, kwa waraka, kwa chafya. Nilimjaribu siku tano, nikaridhika, nikatoa ruhusa kwa mtindo wa kipekee ambao watu wa kawaida huenda wasiuelewe. Makala ya wiki hii itasema hivyo. Murshid aandike barua yake.

Saa moja iliyopita simu ikalia. Mwanahija, kitinda mimba wetu, yuko Tanga, aliachika mwaka juzi. Sauti ya upole. Nikashuku. Akasema Kaka, kuna mtu. Anaitwa Dullah, mwoka mikate. Je, ningependa kuja Tanga, nipumzike kidogo, nionje mikate yake?

Hivi hawa dada zangu wanadhani mimi ni nani? Nimejifunza! Safari hii hapana, hakuna kuonja, hakuna kukanda unga, hakuna kuzungushwa. Mwoka mikate! Huyo nitamvunja kwa neno moja, kutoka hapa hapa kwenye kiti. Nikakusanya dharau yangu yote, nikasema: "Mwoka mikate? Vizuri sana! Basi mwambie nimemwoza dada yangu Mwanahija binti Salum, kwa mahari ya mkate mmoja wa mofa!"

Kimya. Imemwingia, nikajua. Kejeli ikiwa kali, mtu hukosa pumzi.

Kisha akaniomba, kwa adabu mno, niirudie. Simu ilikuwa inakatakata, akasema, sasa kaiweka kwenye spika, Dullah yupo karibu, na kuna wajomba zake wawili nao hawakusikia vizuri.

Wajomba! Hadhira! Nikasimama, abiria wote wakageuka, na nikairudia kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno.